Kinachoachwa Nyuma Gemu Kubwa Inapohama Nyumba

Redio ni mahali pa ajabu pa kuzungumzia picha. Hakuna kidole cha kuonyesha, hakuna wa kusema tazama pale kushoto. Basi msikilizaji afumbe macho kidogo. Aone kijiji chenye nyasi ndefu zinazolala na kuinuka kwa upepo, jua la jioni limekaa juu ya bustani ya matunda, na mwanamume mwenye nywele nyeupe anapita taratibu na farasi wake, panga mbili mgongoni. Kijiji ni White Orchard, mpanda farasi ni Geralt, na gemu yenyewe ni The Witcher 3, iliyotolewa Mei 2015 na CD Projekt Red, kampuni ya Poland. Ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta na mashine mbili kubwa za sebuleni, PlayStation 4 na Xbox One, na hata hizo zilikuwa zikihema kwenye baadhi ya maeneo yake.

Miaka minne baadaye, Oktoba 2019, Geralt yuleyule aliingia kwenye Nintendo Switch, mashine ya kushika mikononi yenye kioo cha inchi 6.2. Alikuja na nyasi zake, miji yake, na hadithi mbili kubwa za nyongeza zilizofuata baada ya gemu ya kwanza. Habari ilipotangazwa, wapo waliodhani ni utani.

Kuhamisha gemu kutoka mashine yenye nguvu kwenda mashine dhaifu kunafanana na familia inayotoka nyumba ya vyumba vinne kuhamia chumba na sebule. Kila kitu ndani ya lori kina mwenyewe anayekipenda, na mlango wa nyumba mpya haujali. Swali ni nini kinaingia, nini kinakatwa miguu ili kipite, na nini kinabaki barazani kwa jirani. Atakayeacha kitanda ili apate nafasi ya kabati la vyombo atalala chini kila usiku, huku wageni wakisifia kabati.

Sasa, hicho chumba kina ukubwa gani? PlayStation 4 ina kumbukumbu ya gigabaiti 8. Switch ya kwanza, iliyotoka Machi 2017, ina 4, na sehemu ya hizo imeshachukuliwa na mfumo wa mashine kabla gemu haijabisha hodi. Njia ya kupitishia data kati ya kumbukumbu na chipu kwenye PlayStation 4 inapitisha gigabaiti 176 kwa sekunde. Kwenye Switch, hata ikiwa imechomekwa kwenye televisheni, ni 25.6. Hiyo ni barabara ya njia saba iliyogeuka uchochoro.

Lakini bwana mkubwa wa mashine ndogo ni betri. Betri ya Switch inabeba takriban wati-saa 16, na Nintendo wenyewe walisema toleo lile la kwanza hukaa na chaji kati ya saa 2 na nusu na saa 6 na nusu, kutegemea gemu. Mwenye kalamu agawe: 16 kwa 2.5 ni wati 6 na kidogo. Ndani ya wati hizo sita mna kioo, spika, feni, Wi-Fi na chipu inayochora ulimwengu mzima wa Geralt. Balbu ya LED ya wati 9 inayomulika jikoni inakula umeme zaidi ya hapo. Ndiyo maana chipu ya picha, ambayo hukimbia kwa megahezi 768 mashine ikiwa kwenye televisheni, hupunguzwa mbio mikononi, mara nyingi hadi 307 au 384, ili betri isiishe njiani na mikono ya mchezaji isiungue.

Kazi ya kumhamisha Geralt walipewa Saber Interactive, kampuni ya Marekani. Mkuu wake, Matthew Karch, alieleza baadaye hali ilivyokuwa walipoiwasha gemu kwa mara ya kwanza kwenye Switch: fremu 10 kwa sekunde, kumbukumbu ikihitajika nusu zaidi ya iliyokuwepo, na uzito wa gemu ukizidi kwa gigabaiti 20 kadi kubwa kuliko zote waliyoweza kupata. Fremu 10 kwa sekunde si gemu. Ni albamu ya harusi inayofunuliwa kurasa. Kadi yenyewe ilikuwa ya gigabaiti 32, na kila kitu kililazimika kuenea humo.

Walianza na pikseli, zile nukta ndogo zinazojenga picha. Picha kamili ya televisheni ya kawaida ya kisasa ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, jumla 2,073,600. The Witcher 3 mikononi mwa mchezaji wa Switch hufika, ikiwa imejitahidi kabisa, 960 kwa 540. Jumla yake ni 518,400, yaani robo kamili. Kioo chenyewe kina 1,280 kwa 720, kwa hiyo picha hutengenezwa ndogo, kisha huvutwa mpaka ijae kioo, kama kitambaa cha futi nne kinachotandikwa kwenye meza ya futi tano. Kingo zinaonyesha. Majani ya mbali yanageuka uji. Nywele za Geralt zina chenga.

Na hiyo robo haikai palepale. Ili kutoa fremu 30 kwa sekunde, mashine ina milisekunde 33 tu za kuchora kila moja. Mchezaji akitazama ukuta, 33 zinatosha na kubaki. Akiingia kwenye kinamasi cha Crookback Bog, penye miti, ukungu, maji na majani kila upande, hazitoshi. Hapo gemu hufanya anavyofanya mama ntilie saa saba mchana: foleni ikirefuka, upawa wa wali unapungua, lakini foleni haisimami. Nukta hupunguzwa papo hapo, fremu kwa fremu, na mzigo ukipungua zinarudishwa. Mchezaji aliye katikati ya mapambano na wachawi wa maji mara nyingi hajui kwamba chakula chake kimepunguzwa.

Baada ya pikseli yakafuata mengine. Vivuli vilichorwa upya kwa njia nafuu, na vya mbali vikapoteza ukali. Nyasi za karibu na miguu ya farasi zilibaki, za mbali zikapunguzwa idadi. Picha bapa zinazobandikwa juu ya kuta na magome ya miti ili vionekane na uhai zilishushwa ubora, kiasi kwamba mtu akisogeza uso wa Geralt karibu na ukuta wa plasta mjini Novigrad anaona kitu kama udongo uliopakwa kwa kiganja. Sinema fupi za kati ya hadithi zilibanwa upya ili zipungue uzito.

Hapa ndipo ufundi unapoonekana. Watu wa sokoni Novigrad hawakufagiliwa. Miti mirefu bado inayumba. Mtu anatoka kijiji cha jirani, anavuka mto, anafika mjini bila kusimamishwa mlangoni na skrini ya kusubiri. Mazungumzo yote yapo na sauti zote zipo, na nyuso zinazozungumza bado zina hasira na huzuni zinazosomeka. The Witcher 3 ni gemu ya safari na maneno: mtu anapanda farasi muda mrefu, kisha anasimama kuongea na mjane. Saber walikata ukali wa picha wakaacha safari na maneno. Walijua kitanda ni kipi.

Hesabu hiyohiyo ilitoa jibu jingine kwa Doom. Ile ya mwaka 2016, ya id Software, ni gemu ya mbio: mchezaji hasimami, mashetani hawasimami, na kwenye mashine kubwa picha hubadilika mara 60 kwa sekunde. Panic Button, studio ndogo ya Austin, Texas, waliileta kwenye Switch Novemba 2017 kwa fremu 30. Walikata nusu ya kitu ambacho mashabiki walikiita roho ya gemu. Wachezaji waliozoea kompyuta waliguna, na haki ya kuguna wanayo, maana kwenye fremu 60 mkono na jicho vinakwenda pamoja kwa namna ambayo 30 haiwezi kuiga.

Hata hivyo Panic Button walikuwa na karata. Fremu zao 30 hazikukwamakwama sana, na kila kitu kinachokimbia kilipakwa ukungu wa mwendo, ule mvuto wa rangi unaoonekana mtu akipitisha mkono haraka mbele ya uso wake. Ukungu huo unaziba pengo kati ya fremu na fremu, na papo hapo unaficha kwamba picha ina nukta chache. Jicho limepigwa chenga mbili kwa mpira mmoja. Juni 2018 studio hiyohiyo ilileta Wolfenstein II, na humo, mikononi, kwenye matukio mazito, picha iliweza kushuka hadi 640 kwa 360. Hizo ni nukta 230,400, sehemu moja ya tisa ya picha ya televisheni. Picha tulivu ya Wolfenstein kwenye Switch ni mbaya, hakuna haja ya kuremba. Ikikimbia, inapendeza.

Ukungu katika gemu una historia ndefu, na msemo wake Waswahili wanao siku nyingi: funika kombe mwanaharamu apite. PlayStation ya kwanza haikuweza kuchora mtaa mrefu. Watengenezaji wa Silent Hill, mwaka 1999, wakaujaza mji mzima ukungu na giza, na udhaifu wa mashine ukageuka hofu. Hakuna aliyelalamika kwamba haoni mbali; kutoona mbali ndiko kulikomtisha mchezaji.

Kinyume chake kilitokea kwa GTA: San Andreas, gemu ambayo haihitaji utangulizi kwa yeyote aliyewahi kulipia dakika kwenye kibanda cha gemu na kung'ang'ania pedi na mwenzake. Kwenye PlayStation 2, mwaka 2004, hewa ya njano na ukungu viliufanya ulimwengu ule uonekane mkubwa kama nchi. Novemba 2021 likaja toleo lililosafishwa, kwa mashine zenye nguvu mara nyingi zaidi, na ukungu ukaondolewa. Mchezaji akapanda kilele cha Mount Chiliad, akatazama, na lo! Miji mitatu iliyodhaniwa iko safari ya siku nzima ilionekana imepakana kama Magomeni na Manzese. Mashine yenye nguvu ilikuwa imefunua kombe. Novemba 2024 watengenezaji walitoa masahihisho yenye chaguo la kurudisha mwanga wa kizamani, na ukungu wake.

Zamani zaidi, ukataji ulikuwa wa shoka. Doom ya kwanza ilipoingizwa kwenye Super Nintendo mwaka 1995, kazi aliyoianza mtu mmoja, Randy Linden, kaseti yenyewe ilibebeshwa chipu ya ziada, Super FX 2, kwa sababu mashine peke yake isingeweza. Hata kwa msaada huo, sakafu na dari zilibaki rangi tupu, bila michoro. Na mwaka 1999 Resident Evil 2, iliyokuwa imekaa kwenye CD mbili za PlayStation, ilibanwa kwenye kaseti ya megabaiti 64 ya Nintendo 64, pamoja na sinema zake. Zilitoka zimefifia, lakini zilitoka.

Si kila familia inayohama inafika salama. Hogwarts Legacy ilitoka Februari 2023, na kwenye PlayStation 5 mwanafunzi wa uchawi anatoka shuleni, anateremka kilima, anaingia kijiji cha Hogsmeade bila kusimama. Toleo la Switch, Novemba mwaka huohuo, liliweka mlango: mchezaji anafika, kioo kinaganda kwenye picha ya kusubiri, kisha kijiji kinafunguka kikiwa chumba cha peke yake. Ni mkato wa haki, maana kumbukumbu haikutosha kubeba kilima na kijiji kwa pamoja. Ila aliyewahi kupita pale bila mlango anaujua uchungu wake. Ulimwengu uliokuwa mmoja umekuwa vyumba.

Mortal Kombat 1, Septemba 2023, iliangukia pabaya zaidi, na sababu yake inafaa kutazamwa kwa karibu. Gemu ya kupigana haina mbali. Kamera imesimama mbele ya miili miwili, haiendi popote, na kila pigo kubwa linavuta uso wa mpiganaji mpaka unajaza kioo. Hakuna nyasi za kupunguza, hakuna upeo wa kufunika kwa ukungu. Kilichobaki cha kukata ni nyuso, na nyuso ndizo zilizokatwa: macho makavu, ngozi kama nta. Picha zake zilichekwa dunia nzima, na bei ilikuwa dola 70 zilezile za mashine kubwa. Mtu atavumilia kabati lisilo na miguu. Kulipishwa kodi ya nyumba nzima kwa chumba kimoja ni jambo jingine.

Wapo pia walioamua kutohama kabisa. Gemu ya Control, mwaka 2020, iliuzwa kwenye Switch kama picha inayotoka kwenye kompyuta za mbali kupitia intaneti. Mashine mkononi ikawa televisheni yenye vitufe. Kwa anayeishi kwa kununua bando, hiyo ni gemu ya kuhesabu megabaiti kwa jicho moja na maadui kwa jingine.

Msikilizaji asiye na Switch asidhani maneno haya yako mbali naye. Anayecheza PUBG Mobile kwenye simu ya bei nafuu ameshakaa kwenye kiti cha Panic Button. Ndani ya mipangilio kuna ngazi za picha, na miongoni mwa zile za chini imo iitwayo Smooth. Wachezaji wengi wa ushindani, hata wenye simu nzuri, wanaichagua hiyo ya chini kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayofungua fremu nyingi na simu haichemki haraka. Nyasi zinapungua, vivuli vinakufa, na adui anaonekana vizuri zaidi akijificha. Picha mbaya imegeuka silaha.

CD Projekt, watengenezaji wa The Witcher 3, nao walijifunza kwa gharama. Gemu yao ya Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 2020, toleo la PlayStation 4 lilikuwa limekatwa ovyo na bado likakwama, mpaka Sony wakaiondoa kwenye duka lao la mtandaoni ndani ya siku chache. Ilirudi Juni 2021. Safari ile hakuna aliyekaa chini mapema kuamua kitanda ni kipi. Walibeba kila kitu, lori likapinduka.

Juni 5, 2025, Switch 2 ilipoanza kuuzwa, Cyberpunk ilikuwa miongoni mwa gemu za siku ya kwanza, kwenye kadi ya gigabaiti 64. Mashine hii ina kumbukumbu ya gigabaiti 12 na kioo cha inchi 7.9, lakini siri yake iko kwingine. Chipu ya Nvidia iliyomo inajua kubahatisha. Gemu inachora picha ndogo, kisha programu iliyofunzwa kwa akili bandia inajaza nukta zilizokosekana, ikitazama fremu iliyopita na mwendo wa vitu ili ikisie fremu hii ingeonekanaje kama ingekuwa kamili. Kitambaa cha futi nne hakivutwi tena; kinaongezewa upindo uliofumwa papo hapo, na mara nyingi mshono hauonekani.

Mara nyingi, kwa sababu ukisiaji una mahali unaponaswa: waya za umeme zilizo mbali, matundu ya uzio, nywele zinazopeperuka, mvua usiku mbele ya taa za matangazo. Hapo vitu vyembamba hutetemeka, au huacha mkia hafifu nyuma yao kama moshi wa udi. Anayetaka wepesi anaingia kwenye mipangilio ya Night City, mji wa Cyberpunk, anachagua fremu 40 badala ya 30, na picha inapungua tena kidogo. Kisha anawasha gari, anaingia barabara kuu wakati mvua inanyesha, na taa za mbele zinaanza kupita haraka kiasi kwamba zile waya hazitazamwi tena.